Bei ya Nyanya Hutajwa Injini Ikishawashwa

(Mhadhara uliotolewa mjini Kisumu mbele ya maafisa wa kilimo, wanafunzi na wakulima kutoka visiwa vya Ziwa Victoria)

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama mlioamka usiku mkavuka maji ili muwe nasi hapa, maafisa wa kaunti, wanangu wa vyuo vikuu, hamjambo?

Nimepewa kichwa kirefu: riziki na ustawi wa wakulima wa visiwani. Baadhi yenu mlishanisikia nikilisema jambo hili Homa Bay, wengine Mbita, na leo mtalisikia tena kwa sababu mambo yako vile vile. Sitawaeleza kisiwa cha Mfangano kiko wapi, wala maisha ya kisiwa cha Takawiri yalivyo. Mnayajua. Nataka tukae na swali moja: nani hupanga bei ya zao la mkulima wa kisiwani, na huipanga saa ngapi?

Hiyo saa ndiyo ninayoizungumzia kila mara, na kila mara naombwa nizungumzie mbegu. Mbegu ni nzuri. Mbegu tutazifikia muda ukiruhusu.

Sikilizeni. Mama mmoja wa Mfangano, upande wa mlimani, analima nyanya. Amesia mbegu kitaluni, amehamisha miche, amemwagilia kwa maji ya kubeba kichwani, amepambana na ukungu mvua ilipozidi. Nyanya zimeiva. Amechuma, amejaza kreti, amewalipa vijana wazishushe mpaka ufuoni kwa sababu sehemu ya njia ile pikipiki haipandi. Boti ya kwenda Mbita huondoka asubuhi. Broka yupo tayari. Amefika mapema, amekaa juu ya jiwe, ana kikombe cha chai. Mama anamsalimu, naye anaitikia kwa adabu, anamuuliza habari za watoto. Habari za nyanya haulizi. Abiria wanapanda. Mizigo inapangwa. Mama anamwendea tena, naye anamwambia, "Subiri kwanza, mama, soko la Mbita leo sijalijua." Simu iko mkononi mwake. Nahodha anavuta kamba, injini inawaka. Hapo ndipo broka anasimama, anajipangusa suruali, anataja bei.

Sasa mwambieni mama huyo afanye nini. Akizirudisha nyanya mlimani, atawalipa wale vijana mara ya pili, na nyanya zilizoiva hazitamngoja. Akiamua kupanda boti mwenyewe, kuna nauli yake, kuna nauli ya kila kreti, kuna watoto watakaorudi kutoka shuleni wasimkute mtu nyumbani. Akifika Mbita ni mgeni sokoni. Vibanda vina wenyewe, na wanunuzi wa pale ni marafiki wa yule yule wa jiwe. Kwa hiyo anauza. Nimesafiri ndani ya boti hiyo na kreti hizo zikiwa miguuni pangu, nikashuka nazo, nikaona zikiuzwa Mbita kabla jua halijawa kali kwa bei ambayo mama angeisikia angelia.

Najua mtaniambia broka ni mwizi. Nakataa. Nimeshakataa mbele ya wakulima wenyewe, wakaninunia. Broka naye amelipa nauli, na upepo ukichafuka katikati ya maji nyanya zinazopondeka ni zake. Mfukuzeni leo, kesho mwingine atakaa juu ya jiwe lile lile na chai yake. Nguvu yake inatoka kwenye saa: mauzo yanafanyika wakati ambao mkulima hawezi tena kusema hapana. Mkiniuliza umaskini wa mkulima wa kisiwani uko wapi, nitawaonyesha zile dakika tano kati ya kuwashwa kwa injini na boti kuondoka.

Dawa yake ipo, na haihitaji mfadhili. Nyanya ikiwa bado kwenye mche, ikianza tu kugeuka rangi, inaweza kumngoja mwenyewe siku mbili tatu. Ikishachumwa, imeshaanza kumdai. Basi bei ijulikane jioni, kabla ya kuchuma. Wakulima kumi wa kijiji kimoja wapige simu Mbita, wapige Luanda Kotieno, wapige Kibuye hapa mjini, waulize kreti inakwenda kwa ngapi. Wakikubaliana na mnunuzi, atume rubuni, yaani malipo ya kutangulia, kwa M-Pesa usiku huo huo. Rubuni ikiingia, alfajiri watu wachume. Isipoingia, nyanya zibaki shambani mpaka boti ya siku nyingine, na mnunuzi mwingine atafutwe. Yule bwana wa jiwe akitaka kununua, karibu, naye apige simu jioni kama wengine.

Hapo kuna mtu hunyoosha mkono kila mara. Leo naona hajanyoosha, lakini nitamjibu tu. Husema vikundi vya wakulima hufa, mweka hazina hula pesa. Ni kweli, nimeviona vikifa. Lakini kikundi ninachokisema hakina hazina. Pesa zinaingia kwenye simu ya kila mkulima kwa hesabu ya kreti zake. Kinachokusanywa ni neno moja tu: leo hatuchumi chini ya bei fulani. Neno hilo hakuna mweka hazina wa kulila.

Ugumu wake ni mwingine. Yupo mwenye mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo, na huyo atauza jioni ile ile kwa bei yoyote. Kwa ajili yake kila shamba la kisiwani linahitaji zao linaloweza kungoja miezi, karibu na lile linalongoja siku mbili. Ndengu, njugu, mtama, muhogo uliokatwa ukakaushwa. Mvua ya visiwani ni haba, na mtama unaivumilia kuliko mahindi. Wazee waliujua vizuri kabla yetu. Yapo magunia yasiyopitisha hewa: ukiyafunga vizuri, wadudu waliomo wanakosa hewa na kufa bila dawa yoyote. Mama mwenye gunia la ndengu chini ya kitanda anaweza kusimama ufuoni akamwambia broka aende salama.

Kuna swali ambalo kwa kweli hunikera, na huulizwa na watu wasomi: "Hao si wavuvi? Kwa nini tuhangaike na mashamba yao?" Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hili, Tanzania na Uganda ndizo zenye sehemu kubwa. Katika hicho kipande chetu kidogo tumejaza mashua kila mwaka, na kila mvuvi aliyemo humu ananielewa nikisema kwamba mbuta, yaani sangara, wa leo si wa wakati wa baba yake. Tena mashua ni za nani? Ni za wanaume. Mwanamke wa kisiwani huinunua omena ufuoni, na mambo ya jaboya sitayaeleza mbele ya watoto wangu hawa, lakini hakuna mtu mzima humu asiyeyajua. Kaunti zetu za ziwa ndizo zenye viwango vya juu vya virusi vya Ukimwi nchini, na ufuoni ndipo mwanamke mwenye mtaji mdogo anapolazimishwa kulipa kwa mwili ili apewe samaki wa kuuza. Hapa hapa Kisumu, ufuo wa Nduru, akina mama walipopata mashua zao wenyewe waliweza kusema hapana. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 likawaondoa makwao, wengi walirudi kwenye shida ile ile. Kwa hiyo nikizungumzia shamba la nyanya na gunia la ndengu, nazungumzia pesa ambayo mwanamke ameipata bila kumpigia mwanamume yeyote magoti. Ustawi mnaouandika kwenye mada, mimi naujua kwa sura hiyo.

Tugeukie kisiwa cha Rusinga, kwa sababu mtaniambia Rusinga kuna daraja. Nafurahi mkitaja. Tuta lilijengwa miaka ya 1980 kuiunganisha na Mbita, likaziba mkondo wa maji, hatimaye likafunguliwa na pakawekwa daraja ili maji yapite. Pikipiki inafika mpaka karibu na shamba. Mkulima wa Rusinga akikataa bei asubuhi, mnunuzi mwingine anaweza kufika mchana. Ana shida zake nyingi, ila ile saa ya injini haimkabi koo. Linganisheni naye jirani yake wa Mfangano. Ni ziwa hilo hilo, jua hilo hilo, jembe hilo hilo. Kilichowatenganisha ni uchukuzi.

Na hapa nitataja jina la mwana wa Rusinga, marehemu Tom Mboya, aliyezikwa pale. Yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi serikali ilipotoa Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965. Waraka ule ulisema pesa za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua, penye uchukuzi na nguvu za umeme, na penye watu walio tayari kwa maendeleo. Simlaumu Mboya. Nchi ilikuwa changa, pesa zilikuwa chache, na miaka minne baadaye aliuawa. Lakini jiwekeni kisiwani msome sharti lile. Kisiwa hakina uchukuzi, basi hakipewi pesa. Na kwa kuwa hakikupewa pesa, hakipati uchukuzi. Miaka sitini tumezunguka hapo, na hata leo nikiomba gati la Mfangano litengenezwe naulizwa, "Kwani mizigo inayopita pale ni mingi kiasi gani?" Mizigo itakuwaje mingi, ndugu yangu, na mkulima alishaacha kupanda?

Katiba ya 2010 ilivunja mzunguko ule, kwenye karatasi. Maafisa wa kaunti, fungueni Jedwali la Nne. Kilimo ni kazi ya kaunti. Masoko na biashara ya haki ni kazi ya kaunti. Vyama vya ushirika ni kazi ya kaunti. Vivuko na bandari ndogo ni kazi ya kaunti. Vyote vinavyokutana kwenye dakika zile tano za ufuoni vimewekwa mikononi mwenu, wala hakuna barua ya kusubiri kutoka Nairobi. Ila kwenu afisa wa kilimo ana ofisi yake, wa biashara ana yake, wa uchukuzi ana yake, na sijawahi kuwaona watatu hao wamesimama pamoja ufuoni asubuhi boti inapopakia. Nendeni siku moja. Msitangulize gari la mapokezi, msibebe fulana. Simameni tu mtazame.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na nilikuwa nataka kusema kuhusu viboko. Nitasema kwa ufupi. Bustani za kumwagilia ziko kando ya maji, na kiboko hutoka majini usiku kulisha. Mnyama huyo hula kilo 40 hivi za majani kwa usiku mmoja, na sukuma wiki kwake ni majani tu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatambua fidia ya mazao. Mkulima aliyeliwa shamba anajaza fomu, halafu anazeeka. Andikeni hilo kwenye kumbukumbu za kikao.

Mbolea ya ruzuku: bei iliyotangazwa, shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50, ni bei ya kwenye ghala. Ghala liko bara. Ongezeni bodaboda, mpakiaji, boti, na mpakuaji wa upande wa pili, mjue mkulima wa kisiwani ananunua kwa bei gani. Ruzuku inayoishia ufuoni ni ya watu wa bara.

Kuhusu kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi mnaloliita kayongo, na teknolojia ya kulizuia kwa kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi na matete pembeni, mna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, pale pale Mbita Point, wenyeji wa kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Waulizeni wao. Wao pia ndio waliofanya ule mradi wa mitego ya mbu ya umeme wa jua katika nyumba za Rusinga. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha malaria ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30 katika nyumba zenye mitego. Malaria humkamata mkulima msimu wa mvua, yaani msimu wa kupanda. Hiyo ni mada ya siku nzima na nimeharibiwa muda na nyanya, lakini nyanya zilistahili.

Kabla hamjaanza kuniuliza maswali, mimi nina mawili, na nayaelekeza kwa maafisa mlio mstari wa mbele. La kwanza: ni ufuo upi wa Mfangano utakaowekwa mzani wa kaunti kabla ya mvua za vuli, ili kreti iuzwe kwa kilo na wala si kwa macho? Na la pili: nani kati yenu atakayetuma bei za Mbita na Kibuye kwa simu za wakulima kila jioni saa kumi na mbili? Nataka jina la afisa, na akina mama waliovuka maji walisikie. Mwenyekiti, naomba wajibu kwanza, maswali ya kuniuliza mimi yaje baadaye.