Jina la Ukoo Lilifikaje Songea? Mazungumzo na Walimu wa Historia na Uraia

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Miaka yangu ya mwanzo kazini niliwapa kidato cha kwanza insha ya "Mimi ni nani?" Nikasahihisha madaftari arobaini yanayofanana: naitwa fulani, nina miaka 14, kabila langu Mngoni, napenda wali na mpira. Kosa halikuwa lao. Swali lile halina pa kushika. Siku hizi nauliza hivi: jina lako la ukoo lilifikaje Songea?

Hapo darasa linaamka, maana majina ya huku yametembea. Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, na watu wake walitoka Afrika Kusini ya leo wakikimbia vita vya enzi za Shaka, mfalme wa Wazulu. Wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na yeye akafia Ufipa miaka ya 1840. Njiani msafara ulizidi kuongezeka, wengine wametekwa, wengine wamejiunga wenyewe. Mtoto wa ukoo wa Moyo anaposikia kwamba akina Moyo wapo hadi leo Zimbabwe, kwa Washona, anakaa wima. Na wageni walipotulia huku, wenyeji kama Wandendeule wakaingizwa katika Ungoni, lakini lugha ya wenyeji ndiyo iliyoshinda. Kingoni cha sokoni leo kiko karibu na Kimatengo kuliko Kizulu.

Kisha ikaja vita ya Maji Maji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga zaidi ya watu 60 hapa mjini, wakazikwa kaburi moja. Mimi naamini kaburi lile liliwafanya watu wa huku kuwa Wangoni kuliko hata mkuki wa Zwangendaba. Wapelekeni wanafunzi pale makumbusho, lakini wapelekeni baada ya kuwahoji wazee wao nyumbani. Mwenye swali lake mkononi haangalii picha kama mpita njia.

Mwaka jana msichana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kumbe mtu anaweza kuwa Mngoni bila kuzaliwa Mngoni?" Nilimrudishia swali, akamuulize bibi yake. Alirudi na kurasa nne.

Sasa jambo linaloniuma. Yuko mtoto asiyemjua baba yake, na yuko aliyelelewa na mjomba akapewa jina la mjomba. Ukimsimamisha mbele ya wenzake aeleze ukoo, umemjeruhi. Kwa hiyo swali liwe na milango zaidi ya mmoja: nani alikuchagulia jina la kwanza, bibi anaongea lugha gani akikasirika, nyumbani mna mwiko gani wa chakula. Kila mtoto achague mlango wake, na asome darasani kwa hiari tu.

Kazi itolewe Ijumaa, ili wapate Jumamosi na Jumapili ya kukaa na wazee. Wa bweni wasubiri likizo, msiwakate maksi.