Tunavyoiumiza Ngozi kwa Nia ya Kuitunza

Mhadhara kwa akina mama na vijana, Tandika, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi wadogo, habari za tangu asubuhi? Ahsanteni kwa kuja na joto lote hili.

Nimeombwa nizungumzie mambo ya kila siku yanayoharibu ngozi. Kazi yangu ni kutibu ngozi, hapa hapa mjini, na mgonjwa akikaa tu huwa namuuliza: kabla ya kuja kwangu umepaka nini? Majibu huwa marefu. Limau, dawa ya meno, sabuni ya dawa, unga fulani wa jirani, tyubu aliyoachiwa na shemeji. Ukifuatilia unakuta tatizo la mwanzo lilikuwa kipele, na kilichomleta hospitali ni yale aliyoyafanya kukiondoa kile kipele. Kwa hiyo leo sitawasema kwa uchafu. Watu wa Dar wanaoga asubuhi, wanaoga jioni. Nataka tuzungumze kuhusu kuzidisha.

Tuanzie bafuni. Ngozi ya juu imejipanga kama paa la makuti, tabaka juu ya tabaka, na katikati yake kuna mafuta ambayo mwili unayatengeneza wenyewe. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visipenye. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake iko karibu na 5. Sabuni ya kipande ya kawaida iko 9 hadi 10. Sasa mtu anapaka povu kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, mara mbili kwa siku, halafu anachukua dodoki gumu au ule wavu wa nailoni na kusugua mgongo mpaka uwake moto. Baada ya miezi kadhaa mgongo unakuwa na weusi wenye mistari, na mabega vilevile, pale mifupa inapojitokeza. Yeye anadhani ni nongo, anaongeza kusugua. Huo si uchafu, mama zangu. Ni ngozi iliyochubuliwa mara nyingi ikajibu kwa kutoa rangi, na dawa yake ya kwanza ni kuuacha huo wavu.

Oga mara mbili, joto letu linataka hivyo. Ila sabuni ipeleke panapotoka jasho na harufu: makwapani, kinenani, miguuni. Mikono na mapaja yanatosheka na maji na kiganja. Maji ya moto sana yaache. Na kile kifuniko cha dawa ya kuua vijidudu kinachomiminwa kwenye ndoo ya kuogea, hasa ya mtoto mchanga, kiacheni kabisa. Mtoto hana vidonda, hajafanyiwa upasuaji. Unamwashia ngozi bure.

Ukitoka bafuni, jifute kwa kugandamiza taulo, paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando, yale ya bei ndogo, ni mazuri sana kwa ngozi kavu, na huwa nasikitika mtu anapoyadharau kwa sababu hayana harufu ya duka kubwa. Wenye chunusi tu ndio wasiyapake usoni, wala mafuta ya nazi, na mafuta ya nywele yasiteremke kwenye paji la uso. Na mwezi wa kwanza na wa pili, kaskazi inapovuma na hewa imejaa mvuke, msimpake mtoto mafuta mazito mwili mzima kisha mkamfunga nguo nzito. Harara inaanzia hapo. Jasho likikosa pa kutokea linabaki ndani na kuwa vipele.

Nina jambo la sherehe. Hina halisi, ile ya majani, inakaa saa nyingi mkononi na inatoka na wekundu wa udongo. Hiyo haina neno kwa watu wengi. Ila siku hizi bibi harusi anataka weusi wa kung'aa, na anautaka haraka, kwa hiyo anapakwa piko. Piko ni rangi ya nywele. Ndani yake mara nyingi kuna kemikali inayoandikwa PPD kwenye paketi, na kemikali hiyo haikutengenezwa ikae kwenye ngozi. Mwingine atapakwa mara ya kwanza, asione kitu. Mara ya pili mwili umeshaijua: siku moja au mbili baadaye maua yote yanavimba, yanajaa malengelenge, ukiangalia mkono unaona ua lilelile, jani kwa jani, limechorwa kwa maji ya kidonda. Likipona linaacha kovu au doa. Na mzio huo hauondoki. Mtu huyo akija kupaka nywele rangi akiwa na miaka arobaini, anaweza kuvimba uso mzima mpaka macho yafunge. Nawaomba sana, watoto wa Idi msiwapake piko. Wapakeni hina.

Sasa nifike kwenye lililonileta hapa hasa. Tyubu.

Mnaijua. Iko karibu kila nyumba, mara nyingi imekunjwa kuanzia chini, juu ya kabati au kwenye mkoba. Mtoto akitoka vipele, tyubu. Baba akiwashwa kinenani, tyubu. Dada ana chunusi, tyubu. Inanunuliwa duka la dawa bila cheti, na inasifiwa kwa sababu inafanya kazi haraka: usiku umepaka, asubuhi muwasho umetulia. Chukueni miwani msome maandishi madogo. Mkikuta betamethasone, au clobetasol, hiyo ni steroidi. Clobetasol iko katika kundi la zenye nguvu kuliko zote zinazopakwa. Nyingine zimechanganywa: steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria ndani ya tyubu moja.

Steroidi ni dawa nzuri mno. Mimi mwenyewe naiandika kila wiki kwa wenye pumu ya ngozi, na imewaokoa watu wengi. Lakini kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili mahali ulipoipaka. Fikirini basi mtu mwenye fangasi, lile duara lenye ukingo mwekundu unaowasha. Anapaka steroidi. Kinga inatulizwa, kwa hiyo wekundu unapungua na muwasho unakoma. Fangasi mwenyewe amebaki pale, na sasa hakuna anayepambana naye. Mtu akiacha kupaka, muwasho unarudi na duara limekuwa kubwa zaidi. Anapaka tena. Anapokuja kwangu, kilichokuwa duara kimoja kiunoni kimeshuka mapajani na kupanda tumboni, hakina ukingo tena, hata mwenye uzoefu anaweza kukosea akakiita ugonjwa mwingine. Na katikati ya hayo mapaja unaona michirizi mipana ya zambarau, ngozi imepungua unene hadi imepasuka kwa ndani. Fangasi tutamtibu. Michirizi hiyo inabaki.

Fangasi wa kawaida anataka dawa ya fangasi peke yake, kama clotrimazole, mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne, na uendelee kidogo hata baada ya kuona pamepona. Watu wanaacha siku ya tano kwa sababu muwasho umekwisha. Na ukauke: usivae nguo ya ndani mbichi kwa kuwa una haraka, usirudie boksa ya jana yenye jasho. Vijana wa bodaboda mnaokaa kwenye siti ya moto siku nzima, nawaambia ninyi hasa.

Tyubu hiyohiyo ndiyo inayoingia kwenye mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua. Nitasema kwa upole, maana najua humu ndani wapo, na sina haja ya kumwaibisha mtu. Mkorogo una mambo matatu yanayonitisha. La kwanza ni hiyo steroidi, inayopakwa mwili mzima kwa miezi au miaka. La pili ni hydroquinone, ambayo mwanzoni inaleta weupe, na ukiendelea nayo sana chini ya jua letu, mashavu yanaanza kupata weusi wenye rangi ya buluu, wa vipunje vipunje, ambao hata sisi hatuna dawa ya uhakika ya kuuondoa. La tatu ni zebaki. Zebaki inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inaharibu figo. Na haiishii kwako: inahamia kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye mwili wa mtoto unayemnyonyesha. Dunia iliafikiana mwaka 2013, katika Mkataba wa Minamata, kuviondoa vipodozi vyenye zebaki. Hapa kwetu hydroquinone na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na tangu 2019 anayesimamia vipodozi ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Lakini kopo lisilo na orodha ya vilivyomo, lililofungwa kwa mkono nyuma ya duka, halijapita kwa mtu yeyote. Msilipokee hata kwa zawadi.

Nilitaka mjue na hili. Ngozi iliyokaa kwenye mkorogo miaka mingi, siku mama anapofanyiwa upasuaji wa kujifungua, uzi unaikata. Kidonda kinachelewa kufunga. Muuguzi anaona uso mweupe na vifundo vya vidole vyeusi, na anajua kazi itakuwa ngumu.

Kama umeshatumia kwa muda mrefu, usiache yote usiku mmoja kwa hasira. Mwili uliozoea steroidi kali ukinyimwa ghafla, ngozi inaweza kuwaka na kuvimba, na ikiwa ulipaka sehemu kubwa, tezi za ndani zinaweza kuwa zimezembea kazi yake. Nenda kliniki ya ngozi, Muhimbili ipo, na hospitali za rufaa za mkoa zinaweza kukuelekeza. Utapunguziwa hatua kwa hatua. Peleka makopo yako yote, hata yale ya aibu. Hatugombi.

Kuhusu jua nitapita haraka. Weusi wetu unatukinga, lakini kinga yake ina mwisho. Madoa ya mashavuni, hasa yale yaliyokuja na ujauzito, yanakolezwa na jua kila siku, na dawa yoyote utakayopewa itashindwa kama hujikingi. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mtandio, kofia pana, mwavuli. Mwenye uwezo, krimu ya kukinga jua, yenye kiwango cha kinga, kile kinachoandikwa SPF, 30 kwenda juu. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si la urembo, ni la uhai, maana saratani ya ngozi huwaanza wakiwa vijana. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza krimu ya jua kwa ajili yao. Mwenye mtoto mwenye ualbino aulizie kliniki. Na sisi weusi tuangalie nyayo na kucha. Bob Marley saratani yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Doa jeusi kwenye unyayo linalotanuka halisubiriwi.

Vijana mnaotoka vipele vya ndevu na vya kisogoni: mwambieni kinyozi asinyoe mpaka chini kabisa, abakize kidogo. Ndevu zetu zimejikunja, zikikatwa fupi mno zinarudi kuchoma ngozi kutoka ndani. Na msivikamue. Weusi mnaouchukia unatoka kwenye kukamua.

Kuna karatasi imefika mezani. Dada anauliza, mwanawe wa miaka mitatu ana mapunye kichwani, wamenyoa, wamempaka tyubu ya mchanganyiko wiki tatu, nywele bado zinakatika. Dada, krimu haifiki kwenye shina la nywele, fangasi amejificha humo. Mapunye yanatibiwa kwa dawa ya kunywa, wiki kadhaa, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, kwa hiyo huwezi kununua kwa kukisia. Acha hiyo tyubu leo. Kitana, kofia na mto asichangie na wenzake, na wenzake nao wakaguliwe vichwa, kwa sababu mara nyingi wanaambukizana. Kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya, na hiyo tyubu uende nayo mkononi.