Sungura Katika Sikio la Mandela

Habari za jioni, ndugu zangu wapiga picha. Asanteni kwa kunialika hapa Mombasa. Nimeombwa nizungumzie hakimiliki na picha za sanamu zilizo barabarani, nami nitaanza na sungura.

Tarehe 16 Desemba 2013, siku moja baada ya Nelson Mandela kuzikwa Qunu, sanamu yake ilizinduliwa Pretoria, kwenye bustani za Union Buildings, makao ya serikali ya Afrika Kusini. Ni sanamu ya shaba, kimo chake mita 9, mikono imekunjuliwa kama ya babu anayemngoja mjukuu amkimbilie. Wiki chache baadaye watu wakagundua kwamba ndani ya sikio moja mna kisungura cha shaba. Waliokiweka ni wachongaji wenyewe, André Prinsloo na Ruhan Janse van Vuuren. Walieleza kwamba walikataliwa kutia sahihi zao kwenye sanamu, basi sungura ndiye akawa sahihi. Alikuwa pia ishara ya haraka waliyofanyia kazi, maana kwa Kiafrikana neno la sungura lina maana ya haraka vilevile. Serikali ikaamuru atolewe.

Wengi walicheka. Mimi niliona watu wawili wakidai kitu ambacho msanii yeyote anakitamani, nacho ni jina. Naomba mmuweke sungura huyu akilini, tutarudi kwake.

Sasa chukua kamera yako, panda kilima kile, piga picha ya Mandela. Ukiihifadhi nyumbani, hakuna atakayekusumbua. Ukiisambaza mtandaoni kwa kila mtu, au ukaichapisha kwenye kadi, mambo yanageuka. Sheria ya Hakimiliki ya Afrika Kusini ni ya mwaka 1978. Kifungu chake cha 15 kinaruhusu kazi ya sanaa iliyowekwa kwa kudumu barabarani au uwanjani ionyeshwe katika filamu na katika matangazo ya televisheni. Picha mnato haikutajwa. Kumbukeni kwamba televisheni ya taifa ilikuwa imeanza kule Januari 1976 tu. Waandishi wa sheria waliifikiria hiyo. Simu yenye kamera mfukoni mwa kila mtu haikuwapo hata ndotoni. Ndiyo maana leo filamu ya sanamu ina kinga, na picha moja iliyosimama haina.

Nyuma ya Mandela kuna jengo lenyewe, Union Buildings, lililokamilika mwaka 1913. Mbunifu wake, Mwingereza Herbert Baker, alifariki mwaka 1946. Kule hakimiliki ya kazi kama hii hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo jengo liko huru tangu zamani. Kwenye kilima kingine cha mji uleule kuna Mnara wa Voortrekker, uliozinduliwa mwaka 1949 kuwatukuza Makaburu waliohama kuelekea bara. Mbunifu wake, Gerard Moerdijk, alifariki mwaka 1958. Jengo hilo nalo limeshafunguka: lipige picha, liuze, lisambaze. Mnaona kilichotokea? Alama za utawala wa zamani ziko huru, na mtu aliyefungwa miaka 27 ndiye ambaye sura yake ya shaba bado imefungiwa. Hakuna aliyekaa kupanga hivyo. Ni hesabu tu ya miaka, lakini uchungu wake ni uleule.

Na si Afrika Kusini peke yake. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyefariki mwaka 1937. Mkoloni alitangulia kujenga, akatangulia kufa, na kazi zake zikatangulia kuwa mali ya wote. Mashujaa wetu wamechongwa juzi, na waliowachonga, tunashukuru, wengi wako hai.

Madhara yake nimeyaona mwenyewe. Mchapishaji mmoja wa vitabu vya shule, sitamtaja, aliniomba picha ya sanamu ile ya Pretoria. Nilimpelekea. Mwanasheria wake akaogopa, na kitabu kikatoka na picha ya jengo la Baker, bustani tupu mbele. Mtoto akajifunza uhuru wa Afrika Kusini kwa kutazama jengo lililojengwa kabla Mandela hajazaliwa. Mtandaoni ni hivyohivyo: picha nyingi za sanamu na majengo mapya ya nchi ile zimefutwa kwenye Wikimedia Commons, hazina ya picha zinazotumiwa na Wikipedia, kwa sababu hazina ile hupokea picha zilizo huru kwa matumizi yote, ya biashara yakiwamo.

Hapo kwenye biashara ndipo wengi wanapoteleza. Ufaransa ilibadili sheria mwaka 2016, ikaruhusu watu binafsi kusambaza picha za majengo na sanamu za barabarani, mradi si kwa biashara. Inasikika vizuri. Lakini mpiga picha wa ufukweni anayeuza kadi apate unga wa watoto ni mfanyabiashara, na gazeti dogo lenye matangazo mawili ni biashara. Ruhusa ya namna hiyo inamfaa mtalii. Ninyi haiwasaidii.

Kwetu Kenya tumebahatika, na sidhani kama tunalijua hilo. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaruhusu kunakili na kusambaza nakala za kazi ya sanaa iliyo mahali inapoweza kuonekana na umma, bila kutenga biashara. Dedan Kimathi aliyesimama Nairobi tangu Februari 2007 ni wa kupigwa picha na kuonyeshwa dunia nzima. Afrika Kusini wanajaribu: muswada wa marekebisho ulirudishwa bungeni na Rais Ramaphosa mwaka 2020, ukapitishwa tena 2024, kisha akaupeleka Mahakama ya Katiba. Mvutano mkubwa uko katika vifungu vingine. Sanamu zimenaswa humohumo.

Kuna mzee aliniuliza pale mlangoni: je, mchongaji asile jasho lake? Ale, mzee wangu, tena ashibe. Alipwe vizuri siku anapopewa kazi, kwa mkataba ulioandikwa. Kumfuata mpiga picha wa kadi miaka 40 baadaye hakumshibishi mchongaji. Nadhani Prinsloo na mwenzake walituonyesha walichokuwa na kiu nacho. Hawakuficha bei sikioni mwa Mandela.

Kimathi alichongwa na Kevin Oduor. Nimepitia picha nyingi za sanamu ile mtandaoni, zikiwamo zenu mlionialika, na jina hilo silioni. Sheria imetupa picha bure. Mkifika nyumbani leo, fungueni kurasa zenu muongeze maneno mawili chini ya picha: Kevin Oduor.

Nipo hapa kwa maswali.