Ua la mkorosho halijali bei ya bodi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Pale mlangoni tayari nimeulizwa: "Ninunue bodi gani kwa picha za vitu vidogo?" Bodi ni kamera yenyewe bila lenzi. Jibu langu halitawafurahisha wauzaji. Bodi uliyonayo, maadamu inabadilisha lenzi, inatosha. Niambie kwanza unataka kupiga nini.

Hapa Mtwara nadhani najua. Ua la mkorosho lina ukubwa wa kifungo cha shati. Mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi na kuyaachia madoa meusi, hafiki sentimita moja. Bwana shamba anayetaka kumwonyesha mkulima ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, ulivyoanza kwenye ua anahitaji picha ambayo ule unga unaonekana. Lenzi iliyokuja na kamera haimfikishi huko.

Lenzi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ikiwa kamili huandikwa 1:1. Maana yake, mdudu wa milimita nane anachukua milimita nane zilezile juu ya sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha. Sensa kubwa ina upana wa milimita 36. Ile ndogo ya APS-C ina kama 24. Kwa hiyo mdudu yuleyule, kwa lenzi ileile, anajaza robo ya picha kwenye sensa kubwa kasoro kidogo, na theluthi nzima kwenye ndogo. Mwenye sensa ndogo asiuze kamera yake! Kwa kazi hii amependelewa.

Kwa mwenye mfuko mwembamba, zipo pete za kurefusha. Ni mabomba matupu, hayana kioo ndani, yanakaa kati ya bodi na lenzi. Hesabu yake nyepesi: gawanya urefu wa pete kwa ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya 50 inakuongezea nusu ya ukubwa halisi. Pete za jumla ya 50 zinakufikisha 1:1. Ila nunua zenye vigusio vya umeme, vile vinavyoiwezesha bodi kuwasiliana na lenzi. Zile za bei ya chini kabisa hazina, na lenzi nyingi za siku hizi ukizifungia hapo huwezi tena kubana tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Utaishia kupiga likiwa wazi lote, jicho la mdudu linaonekana na mwili wote ukungu.

Kasoro ya lenzi ya 50 yenye pete ni kwamba unamkaribia mdudu mno. Kivuli chako kinamfikia kabla yako, naye anahamia upande wa pili wa jani. Ndiyo maana, siku hela ikipatikana, mimi ningenunua makro ya milimita 90 hadi 105. Ukiwa kwenye 1:1 inakuachia zaidi ya sentimita kumi mbele ya kioo, nafasi ya kutosha kupitisha mwanga.

Na mwanga ndio nataka tukae nao. Kwenye 1:1, ukiwa na sensa kubwa na tundu la f/8 (namba ikikua, tundu linabana), sehemu iliyo kali ina unene wa kama milimita moja tu. Ukibana hadi f/16 unapata kama mbili, lakini ukaribu huo wenyewe unakula stopu mbili za mwanga, yaani inabaki robo yake, na ukizidi kubana picha nzima inaanza kupoteza ukali. Mimi hubaki f/8 au f/11. Sasa ongeza kusi. Mikorosho inachanua kusi likivuma, tawi halitulii, na hakuna tripodi inayoshika tawi. Flashi ndiyo dawa. Ikiwekwa nguvu ndogo inawaka kwa muda mfupi sana, hata chini ya 1/10,000 ya sekunde, na upepo unakuwa kama haupo. Weka kitambaa cheupe mbele yake, ukisogeze karibu na ua. Nikiwa na hela ya kitu kimoja tu juu ya pete, nanunua flashi. Makro itasubiri.

Wapiga picha za vinyago, kwenu mambo ni kinyume. Mpingo uliosuguliwa unang'aa na kinyago hakitikisiki. Tripodi, mwanga wa dirishani, kichujio cha kupunguza mng'ao kama mnacho, basi. Mnaweza hata kupiga picha nyingi mkisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha kuziunganisha kwenye kompyuta.

Kuna swali pale nyuma. Ndiyo, dada. Makro ya zamani ya mtumba? Nzuri sana, kwa kuwa kazi hii fokasi ya mkono ndiyo inayofaa. Lakini pwani hii ina unyevu. Mulika tochi ndani ya lenzi kabla hujatoa hela. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, iache. Na ukiwa shambani wakati mashine zinapuliza salfa, ile dawa ya unga ya ubwiriunga, usibadilishe lenzi. Rudi kwenye gari, funga milango, ndipo ubadilishe.