Kusimama Kama Nguzo

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuamka na baridi hii ya Julai. Upepo wa Dodoma mwezi huu haumwonei mtu huruma.

Leo, kwenye mazoezi yetu ya chigongi, mazoezi ya mwili na pumzi, nitawafundisha kusimama, basi.

Najua wengi mmekuja mkitarajia mikono izunguke kama mlivyoona kwenye simu. Itazunguka, wiki ijayo. Chigongi ni neno la Kichina: chi ni pumzi, ule uhai unaotembea mwilini, na gongi ni kazi ya kujizoeza kwa muda mrefu. Ni mambo ya kale sana. Mwaka 1973, mjini Changsha, China, lilifukuliwa kaburi lililofungwa tangu mwaka 168 KK, na ndani mkakutwa kitambaa cha hariri chenye michoro ya watu 44, wake kwa waume, wanajinyoosha.

Haya, miguu iachane upana wa mabega. Magoti yalegee kidogo. Inua mikono mbele ya kifua kana kwamba umekumbatia mtungi. Vuta pumzi kwa pua, tumbo lijae. Itoe polepole, ichukue muda kuliko ulivyoivuta. Dawa iko hapo kwenye kutoa. Pumzi inapotoka taratibu, moyo nao hupunguza mbio.

Mama yangu pale mbele, samahani, bega lako la kushoto limepanda karibu na sikio. Ni mkoba huo. Umeuweka chini tangu tulipoanza, lakini bega bado limeubeba.

Mimi nilipofiwa na mama yangu mzazi, usingizi ulinikimbia miezi mitatu. Nikawa nasimama hivi nyuma ya nyumba, chini ya mbuyu, dakika tano kila jioni. Siku ya nne machozi yakanitoka yenyewe, sikuyaita. Usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Mwenye dawa za presha aendelee kuzimeza, na kliniki asiache. Nawaomba sana hapo. Mwenye kizunguzungu au magoti mabovu aketi kwenye kiti, afuate pumzi tu. Hajapungukiwa na kitu.

Simu mfukoni. Upepo ukija msiukazie mwili, uacheni upite. Tunaanza, dakika tano. Mama, bega.