Java Si Nzito, Kazi Ndiyo Nyingi

Habari za mchana, wenzangu, na asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie programu za Java zinazochakata data nyingi, zile zinazokula saa nzima pale ambapo mwenye kazi alitegemea dakika chache. Jawabu ninalolisikia mara kwa mara ni kwamba Java ni nzito, tuhamie lugha nyingine. Mimi silikubali, na ushahidi ninao.

Mwezi Januari 2024, Gunnar Morling alitangaza shindano lililoitwa One Billion Row Challenge. Kazi yake inaelezeka kwa pumzi moja: kuna faili la maandishi lenye mistari bilioni moja, kila mstari una jina la kituo cha hali ya hewa na kipimo cha joto, toa kiwango cha chini, wastani na kiwango cha juu cha kila kituo. Faili lina gigabaiti 13 hivi. Programu ya mfano, iliyoandikwa kwa mtindo ambao wengi wetu humu tungeuandika, ilichukua karibu dakika 5. Walioshika nafasi ya kwanza walimaliza kwa sekunde 1.5 hivi, kwenye mashine ileile, wakitumia viini 8 vya prosesa. Diski haikuwa kisingizio kwa yeyote, maana faili lilikuwa limewekwa kwenye kumbukumbu.

Tupige hesabu kidogo. Dakika 5 kushuka hadi sekunde 1.5 ni kasi iliyozidi kwa karibu mara 200. Programu ya mfano ilitumia uzi mmoja, yaani mkondo mmoja wa kazi unaotumia kiini kimoja kwa wakati, kwa hiyo viini 8 vingeweza kuleta mara 8 tu, tena siku njema. Mara ishirini na zaidi zilizobaki zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye kazi iliyoachwa. Programu ya mfano, kwa kila mstari, iliunda stringi (kipande cha maandishi) ya mstari mzima, ikaikata, ikaunda stringi ya jina na nyingine ya namba, kisha ikaigeuza hiyo namba kuwa double, aina ya namba yenye desimali. Fanya hivyo mara bilioni moja. Washindi waliliunganisha faili moja kwa moja na kumbukumbu, wakasoma baiti zake bila kuunda stringi kwa kila mstari. Kanuni zilisema joto lina tarakimu moja tu baada ya nukta, basi 23.4 wakaisoma kama namba kamili 234, na kugawanya kwa 10 kukangoja hadi mwisho. Jedwali la vituo wakaliandika wenyewe kulingana na data waliyonayo. Baadhi ya mbinu zao nisingependa kuzikuta kwenye programu ya mishahara, maana asubuhi ya kwanza ya hitilafu hakuna atakayeweza kuzisoma. Ninachotaka tuchukue kwao ni lile swali waliloliuliza kwa kila hatua: hii kazi ni lazima?

Lakini huwezi kuuliza hivyo kwa kila mstari wa msimbo, utazeeka. Uliza pale muda unapopotelea, na pale pajulikane kwa kupimwa. Tangu JDK 11 ya mwaka 2018 (JDK ni kifurushi cha kutengenezea programu za Java), Java Flight Recorder, chombo cha kurekodi mwenendo wa programu, imo ndani ya OpenJDK, toleo huria la JDK, bila malipo. Iwashe, endesha programu kwa data halisi, kisha tazama ni methodi zipi (vipande vya msimbo vyenye majina) zinazokula prosesa na ni zipi zinazounda objekti kwa fujo. Kuchukua saa ya mfumo kabla na baada ya mzunguko, yaani sehemu ya msimbo inayojirudia, ukauendesha mara moja, hakutoshi. JVM, mashine pepe inayoendesha programu za Java, huanza kwa kutafsiri msimbo polepole, na sehemu zinazorudiwa sana ndizo huja kukusanywa kuwa msimbo wa mashine baadaye. Ukipima mapema unapima maandalizi. Kwa vipimo vidogovidogo tumia JMH, iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Na kwa wale wanaopenda methodi ndefu kama treni: HotSpot, JVM iliyomo ndani ya OpenJDK, kwa mpangilio wake wa kawaida haikusanyi kabisa methodi iliyovuka baiti 8,000 za bytecode, ule msimbo wa kati ambao JVM huusoma. Itabaki kwenye mwendo wa kutafsiriwa hadi mwisho wa maisha yake.

Sasa nije kwenye mambo ninayoyakuta karibu kila ninapoletewa programu iliyochoka.

La kwanza ni contains, methodi ya kuuliza kama kitu kimo, ya ArrayList, orodha ya kawaida ya Java, ndani ya mzunguko. Una rekodi 100,000 mpya, na kwa kila moja unauliza kama imo kwenye orodha ya rekodi 100,000 za zamani. Orodha haina njia ya mkato. Ni mtu anayemtafuta mwenyeji kwa kubisha hodi kila mlango wa mtaa. Kama hakuna zinazolingana, huo ni ulinganishaji bilioni 10. Weka rekodi za zamani kwenye HashSet, seti inayokwenda moja kwa moja mahali kitu kinapopaswa kuwa, hakikisha equals na hashCode, methodi inazotumia kutambua rekodi zinazolingana, zimeandikwa sawasawa, na ulinganishaji unabaki kama laki moja na kidogo. Badiliko la mistari miwili. Hakuna mpangilio wa JVM utakaokupa faida ya namna hiyo, hata ukariri bendera zake zote.

Kuunganisha stringi kwa alama ya kujumlisha ndani ya mzunguko ni ndugu yake: kila mara maandishi yote yaliyotangulia yananakiliwa upya. StringBuilder, inayoongeza maandishi bila kunakili yote upya kila mara, ipo. Vivyo hivyo replaceAll, methodi ya kubadilisha maandishi, ambayo huandaa upya muundo wa regex (kanuni ya kutafutia maandishi) kila inapoitwa. Uandae mara moja kwa Pattern.compile, nje ya mzunguko. DateTimeFormatter, ya kusoma na kuandika tarehe, nayo haibadiliki ikishaundwa, na nyuzi nyingi zinaweza kuishiriki, basi moja inatosha programu nzima.

Kwenye kumbukumbu nitakaa kidogo tu. int, namba kamili ya kawaida, ni baiti 4. Integer, namba hiyohiyo ikifungwa ndani ya objekti, kwenye HotSpot ya biti 64 kwa mpangilio wa kawaida, ni baiti 16, na orodha inahitaji baiti 4 nyingine za kuielekezea. Namba milioni 50 ndani ya ArrayList zinakula takriban gigabaiti moja. Ndani ya int[] ni megabaiti 200, tena zimepangwa mfululizo, jambo ambalo prosesa inalipenda. Kabla hujamlaumu mkusanya taka, sehemu ya JVM inayofuta objekti zisizotumika tena, tazama ni taka kiasi gani unamtupia.

Hifadhidata ndipo penye muda mwingi, na wengi hawapaangalii kwa sababu prosesa inaonekana imetulia. Imetulia kwa kuwa inangoja! Chukulia safari moja ya kwenda na kurudi kwenye hifadhidata ni milisekunde moja. Rekodi milioni moja, zikiingizwa mojamoja, ni sekunde 1,000, karibu dakika 17 za kungoja mtandao peke yake. Zima autocommit (kuthibitisha kila badiliko papo hapo), kusanya kwa addBatch, peleka elfu moja kwa mpigo kwa executeBatch. Upande wa kusoma, draiva ya Oracle huchota safu 10 kwa safari usipoiambia vingine, na ya PostgreSQL hupakia majibu yote kwenye kumbukumbu kwa mkupuo hadi uzime autocommit na kuweka fetch size, idadi ya safu za kuchota kwa safari. Tabia mbili zinazopingana, na zote mbili zinaweza kukuumiza. Kisha kuna ule mtindo wa kuchota wateja kwa kueri moja (swali kwa hifadhidata) na kurudi kwa kila mteja kuuliza oda zake. Wateja 20,000, kueri 20,001. JOIN moja, yaani kueri inayounganisha majedwali, ingemaliza kazi.

Nyuzi nimeziacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu wengi huanzia hapo. Kama sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata ukipewa viini elfu moja hutavuka kasi ya mara 10. Gene Amdahl alilieleza hilo mwaka 1967. Nyuzi pepe za JDK 21, nyuzi nyepesi zinazosimamiwa na JVM, husaidia kazi zinazongoja, haziongezi prosesa. Na parallelStream, njia ya Java ya kugawa kazi kwa nyuzi yenyewe, usipoielekeza vingine, hutumia bwawa moja la nyuzi linaloshirikiwa na programu nzima, kwa hiyo ukiingiza kueri za hifadhidata humo, mwenzako upande wa pili wa programu atakwama bila kujua sababu.

Kuna jambo moja huwashtua watu siku wanapogawa hesabu kwa nyuzi: jumla inabadilika kwenye tarakimu za mwisho. Si hitilafu ya mashine. Kujumlisha double kunategemea mpangilio, na nyuzi hujumlisha kwa makundi. Kwa hiyo, kabla hujagusa chochote, hifadhi matokeo ya programu ya zamani, uamue tofauti ya kiasi gani inakubalika, halafu linganisha baada ya kila badiliko. Kama ni fedha, hakuna tofauti inayokubalika: tumia BigDecimal, aina ya namba inayotunza desimali kikamilifu, au long, namba kamili kubwa, ukihesabu kwa kizio kidogo kabisa cha sarafu. Karibuni maswali.