Jina Lieleweke: Programu ya Kupima Kahawa, Hatua kwa Hatua

Karibuni tena, ndugu zangu. Niko hapa Moshi, na leo tunaifungua upya ile programu yetu ndogo ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ya kupokea kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi cha ushirika, turekebishe majina tunayozipa namba na orodha zake. Fungua faili yako twende pamoja.

Kwanza, tazama mstari wa tatu na wa nne. Kuna majina mawili: uzito, halafu uzito2. Niambie upesi: upi umepimwa pamoja na gunia, na upi ni wa kahawa peke yake? Mimi niliwahi kuandika hivyo hivyo. Nikazidisha bei kwa uzito usio wenyewe, na kwa siku mbili magunia yakalipiwa kama kahawa. Kompyuta haikulalamika, maana kwake zote ni namba. Basi futa. Andika kilo_pamoja_na_gunia, kisha kilo_za_kahawa. Jina refu, ndiyo, lakini kipimo kimo humo humo. Mwaka 1999 NASA, shirika la anga la Marekani, ilipoteza chombo chake cha kwenda Mirihi, Mars Climate Orbiter, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za nguvu kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazipokea kama niutoni, kipimo kingine cha nguvu.

Pili, orodha. Hapa Kiswahili kinatubeba: mkulima ni mmoja, wakulima ni orodha. Andika for mkulima in wakulima, yaani kwa kila mkulima katika wakulima, uone mstari unavyosomeka wenyewe. Ila bei ni bei, iwe moja au ziwe mia, kwa hiyo orodha yake iite orodha_ya_bei.

Jibu la ndiyo au hapana liite amelipwa. Usiliite hajalipwa, kwa sababu ukija kuandika not hajalipwa, yaani "si hajalipwa", utakwama.

Sasa tahajia, na hapa naomba tusiharakishe. Juu tumeanza na jumla_ya_malipo ikiwa sifuri. Shuka chini: kwenye mstari wa kujumlisha, upande wa kushoto, nimeandika jumla_malipo, hivi: jumla_malipo = jumla_ya_malipo + malipo. Neno "ya" limeruka. Endesha programu. Umeona? Hakuna onyo lolote, na jumla ni 0. Python ikikuta jina jipya kushoto kwa alama ya sawasawa, inalitengeneza tu na kuendelea, na jumla yako ya kweli haiguswi. Rudi ulisome neno kwa neno, kwa sauti kama unaweza. Herufi kubwa nazo ni hivyo hivyo: Mkulima na mkulima ni majina mawili.

Wenzangu mnaotunza hesabu za maziwa, idadi_ya_ng'ombe itakataa. Ile alama ya juu Python huisoma kama mwanzo wa maandishi. Andika idadi_ya_ngombe.

Hifadhi. Chukua risiti moja ya kweli, ingiza kilo zake, toa gunia, zidisha kwa bei. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kikokotoo cha simu. Zikipishana hata shilingi moja, usimlipe mtu bado. Rudi mstari wa tatu.